Mfuko wa Saruji ya Kwetu

Siku za kwanza za matanga, mjane hana kazi. Anakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, na watu wengine wanafanya kila kitu. Wanawake wa kanisa letu walikuwa wanapika bukari uani, huo ugali wetu wa mahindi, na moshi wa makaa uliingia mpaka chumbani. Mimi nilikatazwa kusimama. Nilikuwa nimelia mpaka machozi yakaisha, na macho yakishakauka yanatafuta kitu cha kutazama. Kilichokuwa karibu nami kilikuwa kasha la mishumaa.

Nikalisoma. Shule niliishia darasa la tano, lakini herufi nazijua, na kasha lilikuwa na maneno machache. Mishumaa ilitoka China. Nikageuza sahani niliyoletewa chakula, na yenyewe ilitoka China. Sukari ya chai ilitoka Zambia. Mchele ulitoka India; mfuko wake mtupu ulikuwa umekunjwa na kuwa mto wa mama mmoja aliyesinzia. Kitambaa cheusi nilichofungwa kichwani hakikuwa na maandishi, nikamuuliza binti yangu alikinunua wapi. Akasema sokoni, kwa mtu anayeleta bidhaa kutoka Dar es Salaam. Na watu wa Dar es Salaam wanakitoa wapi? Binti akanitazama, akadhani huzuni imenivuruga akili, akaniletea maji.

Hata jeneza. Mbao zilikuwa za miti ya huku, nilimwona seremala akizipiga randa kando ya barabara. Lakini vile vishikio vya kung'aa, alivyovisugua kwa shati lake kabla ya kutukabidhi, alisema mwenyewe kwamba vilifika ndani ya kontena.

Mambo hayo hayakuniuma. Yalinishangaza tu. Nilikuwa nimeishi na vitu hivi miaka yote, kama mtu anayeishi na wapangaji uani bila kujua majina yao. Nje, kwenye barabara kubwa, malori yaliyobeba shaba yalikuwa yanapita kuelekea mpakani, na kila lori likipita vikombe viligongana kwenye sinia. Niliwaza: yale yanakwenda, haya yanakuja, na sisi tuko katikati tunakunywa chai.

Katika nyumba nzima nilipata kitu kimoja tu ambacho niliwajua watu wote waliokitengeneza. Kilikuwa nyundo ya mume wangu, chini ya kitanda. Kichwa chake kilifuliwa na mhunzi wa mjini hapa, kutoka kwenye springi ya lori bovu. Mpini aliuchonga mume wangu mwenyewe, na ulikuwa umelainika pale mkono wake uliposhika.

Mume wangu alikuwa mvunja mawe. Alifanya kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, yale mawe yanayosagwa na kuchomwa mpaka yanakuwa saruji. Jioni alirudi mweupe kama aliyeangukia kwenye unga, nami nilimwekea beseni la maji mlangoni kabla hajagusa kitu. Alikuwa na tabia moja iliyokuwa inanichekesha na wakati mwingine kunitia aibu. Tukifika kwa watu, iwe harusini au msibani, alikunja kidole, akagonga ukuta, akatega sikio. Kisha alisema, "Njo yenyewe," maana yake saruji hii ni ya mawe yetu. Au alitikisa kichwa, akasema ukuta huu ni mgeni. Sikujua kama alisikia tofauti kweli au alikuwa anajisifu. Sikumuuliza. Nilidhani tutakuwa na wakati.

Kifua kilipomlaza, hakuomba mambo mengi. Hakusema nani achukue nini. Mchana mmoja nilikuwa ninamnywesha uji, akakisukuma kijiko kando, akasema maneno ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia kwake.

"Mukinijengea, mutafute simenti ya kwetu. Minye sitaki kulala chini ya jiwe ya bantu benye sibajue."

Nikamwambia sawa, hatalala chini ya jiwe la watu asiowajua. Uji ukaendelea. Hilo ndilo jambo moja aliloniachia.

Kwetu kaburi si mali ya mjane. Ni la ukoo wa marehemu, na upande wa mume wangu msimamizi alikuwa mdogo wake, shemeji yangu. Yeye ni mtu wa biashara. Huenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kurudi na mabeseni, mabati, na vigae vile vya sakafu tunavyoviita karo. Ni mtu mwema. Alilipa jeneza bila kumwambia mtu. Kiangazi kilipoingia, akajenga ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma kuzunguka kaburi, na kilichobaki kilikuwa kifuniko. Kilitakiwa kiwe tayari kabla ya siku ya kuondoa matanga, siku ambayo ukoo wote ungekuja, mimi nivue nguo nyeusi, watu waende wakaone mahali ndugu yao alipolala.

Shemeji alileta makasha ya karo nyumbani, akayapanga sebuleni. Akafungua moja anionyeshe. Zilikuwa nyeupe, zenye mistari kama mawingu membamba, na ukiinama uliona uso wako. Akasema atafunika kaburi lote, kutoka kichwani mpaka miguuni, na hakuna kaburi pale litakalong'aa kama hilo.

Nikamweleza alichoomba kaka yake. Aliirudisha karo ndani ya kasha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Shemeki, ndugu yangu alikula vumbi miaka yote. Sasa unataka tumufunike na vumbi tena?"

Nilipolala nililifikiria neno lile na nikaona lina haki yake. Mimi nilikuwa na ahadi, yeye alikuwa na kaka. Lakini asubuhi nikamwambia kwamba mwenye kaburi ndiye aliyesema, na sisi wawili ni watu wa kusikia tu. Akakuna kichwa. Tukapatana hivi: fundi angeanza wiki iliyofuata. Nikiipata saruji ya kwetu kabla ya hapo, atakubali. Nikikosa, atanunua iliyopo, na karo zitawekwa kama alivyopanga. Mfuko mmoja ungetosha kifuniko.

Nilidhani ni jambo la asubuhi moja. Tunaishi Likasi. Machimbo yale ukisimama mahali pa juu unaona vumbi lake. Mtu anayeishi karibu na kisima hawezi kukosa maji, ndivyo nilivyofikiri.

Nilikwenda kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, pale mifuko inapopangwa mpaka juu ya mlango. Nilianza mwanzo wa mtaa nikauliza duka moja baada ya jingine. Mifuko yote ilikuwa ya Zambia. Wauzaji walinijibu kwa upole kwa sababu ya nguo yangu nyeusi, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ya kwetu ikitoka tu inachukuliwa na wenye majengo makubwa huko migodini. Wa pili alisema ya Zambia ni rahisi kidogo, na mtu anayejenga choo hana haja ya kujua simenti yake ilizaliwa wapi. Wa tatu alisema haileti kwa sababu wanunuzi hawaiulizi. Nikamwambia mimi ni mnunuzi na ninaiuliza. Akacheka, akasema mimi ni mmoja.

Niliporudi nyumbani nilimuuliza binti yangu. Wakati wa matanga yeye ndiye aliyekuwa anauza sokoni badala yangu, maana mjane hauzi. Nilitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza unga wetu unatoka wapi. Akasema hapana, wanauliza tu kama ni mweupe. Jibu hilo lilinihusu na mimi. Kwa maana unga ninaouza, nitasema ukweli, unatoka Zambia. Mahindi ya wakulima wa huku ni matamu zaidi, lakini unga wake unakuja siku unayoipenda wenyewe, na mwingine una mchanga. Ule wa Zambia unafika umefungwa vizuri, umepepetwa, na watu wanaupenda. Nimelisha watoto kwa unga ule. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kumkasirikia mtu yeyote katika mtaa ule, na kusema kweli sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nataka kujua tu: kitu kinachochimbwa mbele ya macho yetu kinapita njia gani mpaka tusikione?

Siku ya pili nilirudi, nikafika mwisho wa mtaa, kwenye depo ya mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, maana asubuhi za kiangazi kwetu ni baridi. Alinijua sokoni, mke wake hununua unga kwangu. Nikamuuliza. Akasema upo mfuko mmoja. Akanionyesha kwenye kona, nyuma ya mabati, mfuko wa karatasi ulioingia vumbi, na maandishi yake nikayasoma mwenyewe herufi kwa herufi.

Nikainama ili niuguse. Mume wangu alikuwa amenifundisha: saruji hainunuliwi kwa maandishi. Unatoboa kona ya mfuko, unaingiza vidole. Ikiwa laini na ya baridi kama unga uliolala nje, ni nzima. Lakini kabla mkono wangu haujafika, mwenye depo alikuja mbio akasimama kati yangu na mfuko.

"Mama, angalia na macho tu. Mukono hapana."

Nikaelewa. Mjane aliyevaa nyeusi hagusi bidhaa ya mtu. Watu wanasema mkono wake unafukuza biashara. Kitu alichokigusa kitabaki pale, na vilivyo jirani nacho pia. Pasta wetu anatuambia hayo ni mambo ya giza, na sisi tunasema amina, na Jumatatu tunarudi kuyafuata. Mimi mwenyewe, kabla ya msiba wangu, mjane akisimama mbele ya meza yangu nilimpimia unga haraka ili aende. Basi nikarudisha mkono. Nikanunua kwa macho.

Kijana wa baiskeli akaufunga mfuko nyuma ya baiskeli yake akausukuma mpaka nyumbani. Tukaulaza sebuleni kando ya karo. Nilimwita mama mkwe aje auone. Alikuwa amekaa kwetu tangu mazishi, mwanamke mzee, mfupi, asiyependa maneno mengi na anayesikia kila kitu. Binti yangu akaleta kisu ili atoboe kona. Kisu kikagoma. Akasukuma, kisu kikapinda. Akauchana mfuko kwa mikono, na ndani yake tukaona jiwe. Jiwe zima, la kijivu, lenye umbo la mfuko, pamoja na mikunjo yake na alama za uzi wa kushonea. Mvua zilizopita zilikuwa zimeshaujenga pale pale kwenye kona ya depo.

Binti yangu ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akafunika mdomo kwa khanga, mabega yakatikisika. Mama mkwe akamwuliza kwa ukali tangu lini watu wanacheka katika nyumba ya kilio. Kisha akainama, akaligonga lile jiwe kwa fimbo yake, likalia ko, na yeye akaketi chini kwa kicheko. Mimi nikawafuata. Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu tumzike.

Lakini siku zilikuwa zimebaki chache. Kesho yake nilimwita tena yule wa baiskeli, tukaurudisha mfuko. Alinishushia mbele ya depo, akaenda zake kwa sababu alikuwa na mzigo mwingine. Mwenye depo akatoka. Nikamweleza. Akalitazama jiwe, akawatazama vijana wake wapakiaji, akatabasamu.

"Mama, si uliomba jiwe ya bwana yako? Njo hii."

Wapakiaji wakacheka. Nilikuwa nimetembea kutoka nyumbani nyuma ya baiskeli na miguu ilikuwa inauma, na sikujua la kufanya baada ya pale. Nikakaa. Hapakuwa na kiti, nikakaa juu ya jiwe lile lile, mbele ya mlango wake, mikono mapajani.

Nataka kulisema hili kama lilivyokuwa. Mwanzoni nilikaa kwa sababu nilichoka. Kisha pikipiki moja ikasimama, mtu akashusha mguu mmoja, akaniona, akaurudisha, akaenda duka linalofuata. Akaja mwanamke na binti yake. Alipoiona nguo yangu akamshika binti mkono wakavuka barabara. Hapo ndipo nilipofahamu kinachotokea. Na nilipofahamu, sikusimama.

Mwenye depo alitoka akaniuliza ninamsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu, ninapumzika. Akaingia ndani. Akatoka tena, akanipa kiti cha plastiki nikakae kivulini upande wa pili wa barabara. Nikamshukuru, nikasema hapa panatosha. Lori dogo likapunguza mwendo, likaongeza. Mwenye depo akasimama mbele yangu, kofia mkononi, na sasa hakuwa na kicheko.

"Na unga yenye unauzishaka, ni ya wapi?"

"Ya Zambia."

"Sasa minye unanitesa juu ya nini?"

Swali lilikuwa zuri. Nikamwambia:

"Lakini muntu akitaka kutia mukono mu unga yangu, simukataze."

Alinitazama. Akaangalia kulia na kushoto mtaani. Kisha akaniambia nimfuate.

Tulipita katikati ya mifuko ya Zambia, tukafika kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa na kufuli. Ndani, juu ya mbao ili isiguse sakafu, chini ya turubai, kulikuwa na mifuko kadhaa ya saruji ya kwetu, safi, maandishi yake hayajachubuka. Nikamuuliza kwa nini aliniambia upo mmoja tu. Akasema hii si ya kuuza, anapiga plasta nyumba yake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini nyumba yake haipigi plasta kwa ile anayotuuzia. Sikuuliza kwa kumchokoza, nilitaka kujua. Akainua mabega. Fundi wake aliitaka hii. Fundi amezoea.

"Tia mukono, mama. Halafu wende."

Akatoboa kona kwa ufunguo. Nikaingiza vidole, kisha kiganja, kisha mkono mpaka kwenye kifundo. Ilikuwa laini. Ilikuwa ya baridi. Nilipoutoa mkono ulikuwa umejaa vumbi, na ile harufu ikanijia, harufu ya mlangoni kwetu saa za jioni, kabla ya beseni la maji. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Yule mtu, nitamsifu kwa hilo, hakunihimiza. Alinipa mfuko badala ya ule uliokufa na hakudai nyongeza.

Nilipogeuka nyuma barabarani, nilimwona anafagia mahali nilipokuwa nimekaa, na wapakiaji wawili wanalisukuma lile jiwe kulitoa mbele ya mlango.

Shemeji alipouona mfuko alikubali, kama tulivyopatana. Aliingiza mkono wake pia, akasema sawa, kifuniko kitakuwa cha saruji hii. Lakini karo zake bado alizitaka, juu ya kifuniko. Hapo mapatano yetu hayakuwa yamefika. Nikamwambia zikiwekwa karo juu, saruji haitaonekana, na kaka yake atakuwa amelala chini ya jiwe la watu wasiojulikana vilevile. Akasema ukoo unakuja, wataona kaburi la saruji tupu kama la mtu asiye na ndugu. Sauti yake ilivunjika pale aliposema neno ndugu, nami nikaona kwamba karo zile ndizo machozi yake.

Tulikuwa tumekaa sebuleni, makasha katikati yetu. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Karo nzima ku kaburi," alisema. "Munaalika mwizi?"

Shemeji akamwambia mama, hizo zitabanwa na simenti. Mama mkwe akasema simenti haijamzuia mtu mwenye patasi. Alilijua kaburi moja pale makaburini lililong'olewa karo zote kabla mvua hazijafika, na karo zile watu walizikanyaga baadaye kwenye baa fulani. Kisha akaacha maharage. Alisema zamani, walipomzika baba yao, waliweka juu ya kaburi sahani yake na kikombe chake. Nani kati yetu anakumbuka sahani ile ilikuwaje? Shemeji alikumbuka. Ilikuwa imepasuliwa.

"Kitu ya mufu banaipasulaka," alisema mama mkwe. "Ikiwa nzima, benye uzima bataitamani."

Akarudi kwenye maharage yake.

Shemeji alizitazama karo. Nilimwona anapigana nazo moyoni. Vitu ambavyo alivileta kutoka mpakani kwa uangalifu, akivifunga kwa nyasi kila kona ili visipate hata ufa, sasa mama yake anasema vipasuliwe. Aliuliza vitabandikwaje. Fundi, tulipomwambia siku ya kazi, hakushangaa hata kidogo. Alisema vipande vidogo vinashika kuliko karo nzima, na baina ya kipande na kipande saruji itaonekana. Itaonekana kote, kama njia.

Nilikwenda makaburini na nyundo ya mume wangu kwenye kikapu. Fundi alichanganya saruji na mchanga na kokoto, akamwaga kifuniko, akakilinganisha kwa ubao. Tulikiacha kikomae, tukakifunika kwa magunia yenye maji, na siku ya kubandika tukarudi wote wanne: shemeji, mama mkwe, fundi na mimi. Shemeji alitandika gunia chini, akalaza karo ya kwanza juu yake. Nikampa nyundo. Aliipiga. Aliipiga kwa upole kiasi kwamba iliteleza tu.

"Unaibembeleza?" akasema mama yake.

Akapiga tena, ikapasuka vipande vitatu. Akasimama akivitazama. Kisha akanirudishia nyundo, akasema mkono wake hauwezi. Nikapiga mimi. Mpini ulikuwa umelainika mahali pa mkono mkubwa kuliko wangu, nikashika palepale. Nilizipiga moja baada ya nyingine, na mlio wake haukuwa mbaya. Shemeji alichagua vipande na kumpa fundi, akavipanga mistari yake ya mawingu ielekee upande mmoja, jambo ambalo fundi hakumwomba.

Nyuma ya kipande kimoja niliona muhuri uliokandamizwa kwenye udongo kabla haujachomwa: herufi zisizo za kwetu, na kando yake, kwenye ukingo, alama ya kidole. Ya kweli. Mtu fulani alishika udongo ule ukiwa bado mbichi. Nilimwonyesha shemeji. Hakujua herufi zile zinasema nini. Nilikiangalia kidole kile nikajiuliza kama mwenye nacho ni mwanamume au mwanamke, kama na yeye hurudi nyumbani mweupe, kama kuna mtu anayemwekea maji mlangoni. Mume wangu alisema hataki jiwe la watu asiowajua. Huyu simjui. Lakini nilikuwa nimemwona kidole. Nikampa fundi kipande kile mkononi, nikamwonyesha mahali palipobaki saruji tupu upande wa kichwani, nikamwomba akibandike pale, uso wa kung'aa chini na kidole juu. Fundi akanitazama, akafanya.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikuja. Walinivua nguo nyeusi, wakanivika kitenge, na jina la kiwanda lililochapwa ukingoni sikulisoma. Mchana tukaenda wote makaburini. Watu walizunguka kaburi, wakasema linang'aa, wakamsifu shemeji, naye akapokea sifa kwa adabu. Mjomba mmoja aliuliza kwa nini karo zimevunjwa, na mama mkwe akamjibu kwa kumtazama tu.

Walipoanza kuondoka nilibaki nyuma kidogo. Nikakunja kidole nikagonga kwenye saruji, katikati ya vipande viwili, nikatega sikio. Sikusikia tofauti yoyote. Ulikuwa mlio wa saruji. Nikagonga tena, taratibu, nikiwa nimefumba macho, na bado sikusikia kitu ambacho ningeweza kukiapia.

Shemeji alikuwa amerudi kunichukua. Hakuniuliza ninafanya nini. Aliinama kando yangu, akakunja kidole chake, akagonga mahali palepale, akainamisha kichwa upande kama kaka yake alivyokuwa akifanya.

"Njo yenyewe," alisema.

Akanipa mkono nisimame.